GPS ya Marehemu

Rafiki yangu fundi pikipiki si mtu wa kubabaishwa na kivuli, ndiyo maana nilimwamini aliponisimulia haya.

Mjane alimletea pikipiki kubwa ya safari. "Kaka, hii GPS ihamishie juu, karibu na kioo cha mbele. Mume wangu aliinama kuitazama, akaingia chini ya lori."

Fundi akatoa betri ya pikipiki kwanza, kama kawaida yake, akaiweka sakafuni, akachomoa nyaya, akaiweka GPS mezani. Haikuwa na betri yake ya ndani. Mvua ikaanza, akafunga mlango. Gereji ikawa giza mchana kweupe.

Kioo cha GPS kikawaka. "Mita mia mbili."

Akapapasa betri. Ilikuwa palepale sakafuni.

"Mita hamsini." Kisha, "Umefika."

Mlango haukugongwa. Springi za pikipiki zililia taratibu, na kiti cha dereva kikabonyea.