Dakika Kumi na Moja Mlangoni kwa Fundi

"Nukta ya kumi na nne umesimama dakika kumi na moja," Mpima alisema bila kuinua macho kwenye kompyuta. "Kwingine kote ni dakika tatu tatu. Pale kuna nini?"

Joto alikuwa jikoni, sufuria mkononi. Akaiweka chini.

"Gurudumu," akasema. "Gurudumu la mkokoteni lilikwama."

"Dakika nane zote gurudumu?"

"Refu alikuwa analitengeneza."

"Aha." Mpima akafunga kompyuta, akatabasamu, tabasamu lile lile lililowahi kumkosesha Joto usingizi. "Pole, mke wangu. Njoo ukae nikukande miguu. Siku nzima juani!"

Akaenda, akakaa. Angefanya nini?

Hilo la Joto si jina alilopewa na mama yake. Mtaani walimwita Dada Joto, ofisini wakafupisha. Alikuwa mtafiti wa joto la mjini. Kila siku ya kazi, saa sita kamili mchana, yeye na mwenzake Refu walitoka na mkokoteni wa vipimo, wakapita nukta ishirini na moja: sokoni, stendi, vichochoro vya mabati, mpaka kwenye maghorofa ya vioo. Mkokoteni ulibeba tufe jeusi la kupima makali ya jua, kipimo cha upepo, kipimo cha unyevu, na kidude kidogo kilichoandika kila walipopita na saa waliyopita. Kila nukta walisimama dakika tatu vipimo vitulie, huku wakiwauliza wapita njia: unahisi joto kiasi gani sasa hivi? Ungependa lipungue au libaki hivi hivi?

Kidude hicho ndicho kilichomleta Mpima maishani mwake. Miaka mitatu nyuma kilishikwa na wazimu, kikawa kinaonyesha Joto anatembea juu ya mapaa. Wakamwita mpima ardhi mmoja, kijana mtanashati mwenye subira, akakaa naye siku mbili akisahihisha nukta moja moja.

"Njia zako zote sasa nazijua," alimwambia alipomaliza. "Imebaki moja tu, ya kunikimbia mimi. Hiyo nimeifuta."

Joto alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mwaka haukuisha, wakaoana. Na kwenye mafaili ya mradi hakuna aliyekumbuka kumwondoa Mpima. Aliendelea kuingia na kutoka kama mwenye nyumba.

Hakuwahi kumpiga. Hakuwahi hata kumpandishia sauti. Alimpeleka kazini asubuhi, akamfuata saa kumi getini kabla hajafika. Nenosiri la simu ya Joto alilijua. La kwake hakulitoa, eti ana siri za wateja. Mapazia ya nyumba yalifungwa kutwa, eti vumbi. Marafiki walikatika mmoja mmoja, kila mmoja na kasoro yake aliyoigundua Mpima.

"Dada una bahati wewe," wenzake ofisini walimwambia. "Wa kwangu hata nisiporudi siku mbili hashtuki!"

"Eh, nashukuru," Joto alijibu.

Kilichomuuma zaidi ni dada yake, Nesi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Mwezi mmoja baada ya harusi Mpima aliingia ndani uso umemshuka.

"Dada yako kanipigia. Anasema umeolewa ukajifanya malkia. Anasema usimtafute tena."

Joto alipiga simu siku ile, na kesho yake, na wiki nzima. Namba haipatikani. Alipotaka kwenda, akakuta Nesi amehamishiwa hospitali nyingine, kahama na nyumba.

"Utaenda kujidhalilisha?" Mpima alimuuliza kwa upole. "Mtu kasema hakutaki." Akamkumbatia, akamfuta machozi. Miaka miwili ikapita.

Sasa, kilichotokea nukta ya kumi na nne ni hiki.

Pale palikuwa na mama mmoja fundi cherehani, mashine yake mlangoni chini ya bati, ulimi mkali kuliko mkasi wake.

"Mnapima joto kila siku na halipungui!" aliwapokea hivyo hivyo siku zote. "Mgonjwa gani huyu, anapimwa tu, hapewi dawa?"

Siku hiyo hakutania. Alimvuta Joto ndani, akamtilia karatasi kiganjani.

"Kuna nesi alileta sare nimpunguzie. Mkokoteni wenu ukapita. Akakutazama mpaka ukapotea kona ile, halafu akakaa hapo kwenye benchi akalia, mwanangu, mpaka nikaacha kushona. Nikamwambia, si umfuate? Akasema eti wewe mwenyewe humtaki. Mimi nikamwambia niachie namba. Chukua simu yangu, piga."

Joto alipiga.

"Haloo?"

"Dada."

Akaibana simu sikioni.

"Dada, ni mimi."

"Mdogo wangu." Sauti ya Nesi ilikatika katikati. "Kwa nini uliniandikia vile?"

"Niliandika nini?"

"Kwamba una maisha yako. Kwamba nikome kuwafuatafuata. Nimeuhifadhi ujumbe mpaka leo."

"Mimi sijaandika! Wewe ndiye uliyesema nisikutafute!"

"Nilimwambia nani?"

Joto aliihamishia simu ya fundi mkono wa kushoto. Alitoa simu yake mwenyewe, akafungua palipoandikwa Dada, akalinganisha na ile ya kwenye karatasi. Namba zilifanana zote isipokuwa mbili za mwisho. Kwenye karatasi sitini na tatu. Kwenye simu yake thelathini na sita.

"Kesho utapita hapo saa ngapi?" Nesi aliuliza.

"Saa saba na robo."

"Nitakuwepo."

Hizo ndizo dakika kumi na moja. Na ndizo Joto alizokuwa anazificha huku mumewe akimkanda miguu.

Alipoingia kuoga jioni ile, alimsikia Mpima sebuleni, simu ameiweka sauti ya nje.

"Refu, habari za kwako? Eti gurudumu limepona?"

"Gurudumu lipi, shemeji? Mkokoteni mzima kabisa!"

"Ah, nimechanganya. Asante."

Joto alibaki na sabuni mkononi, maji yanamwagika. Alisubiri mlango ugongwe. Haukugongwa. Alipotoka Mpima alimwandalia chakula, akamuuliza chumvi inatosha. Hakusema lolote usiku kucha, na kutosema huko kukawa kubaya kuliko kelele.

Asubuhi ofisini alimvuta Refu pembeni.

"Jana umeulizwa kuhusu gurudumu."

Refu, mrefu hadi anainama kila mlango, akashika kichwa. "Nimeharibu?"

"Hujaharibu. Umeulizwa, ukasema kweli."

"Tuiruke ile nukta leo?"

Joto alitikisa kichwa. Akisimama, ataulizwa kwa nini kasimama. Akipita, ataulizwa kwa nini kapita. Kila alipogeuka, palikuwa pameshawekwa alama.

Saa sita wakatoka. Lami ilikuwa laini chini ya viatu. Walipofika nukta ya saba, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa Mpima:

"Jua kali leo mpenzi. Usisimame sana."

Aliusoma mara tatu. Refu akamtazama, akasukuma mkokoteni.

Walipokata kona ya nukta ya kumi na nne, Mpima alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja wa fundi, mguu juu ya mguu, chupa ya maji baridi mkononi.

"Nimekuletea maji," alisema. "Nikasema nije nilione hilo gurudumu."

Fundi aliendelea kukanyaga cherehani, lakini hapakuwa na nguo chini ya sindano.

"Leo hujaenda kazini?" Joto aliuliza.

"Kazi itakuwepo. Nimwone kwanza huyo mtu anayekugharimu dakika nane." Akageuza macho kwa Refu, akampima kuanzia juu mpaka chini, safari ndefu. "Au ni huyu huyu?"

"Shemeji, mimi?" Refu alirudi nyuma, akagonga kichwa kwenye bati. "Mimi nasukuma mkokoteni tu!"

"Ni mimi," sauti ikasema nyuma yao.

Nesi alikuwa amesimama juani na sare yake nyeupe, amekonda kuliko Joto alivyomkumbuka. Joto akapiga hatua kumwendea.

Mpima akainuka. Kwa adabu zake zote akasema, "Shikamoo, dada."

Nesi hakuitikia. Salamu ikabaki inaning'inia hapo mlangoni, na wote wakaiona.

Joto alitoa simu, akaifungua, akamnyooshea mumewe.

"Nisomee namba ya dada yangu."

"Mke wangu, hapa ni barabarani."

"Wewe ndiye bingwa wa namba. Isome."

Wapita njia walianza kupunguza mwendo. Mpima alishika simu, jasho likimtiririka shingoni. Akaanza kusoma. Alipofika mwisho sauti ilikuwa chini mno.

"...thelathini na sita."

"Hiyo siyo yangu," alisema Nesi. "Yangu inaishia sitini na tatu, tangu huyu yupo shule."

"Nani aligeuza?" Joto aliuliza.

Cherehani ikanyamaza.

"Nani?"

"Mimi."

"Na ujumbe?"

"Mimi. Ulikuwa unaoga." Mpima alikaa tena kwenye benchi. "Alikuwa anakwambia uniache! Kila ukitoka kwake ulikuwa unanitazama kama mgeni."

"Sikumwambia akuache," Nesi alisema. "Nilimwambia unampenda kama mtu anavyopenda kiwanja. Unahangaika na mipaka tu."

"Niliogopa," Mpima alisema, akimtazama mkewe peke yake. "Niliogopa kukupoteza. Nikasema wiki moja tu, watulie, nitairudisha. Halafu ikawa ngumu kurudisha."

"Nililia miezi," Joto alisema. "Nilidhani nina kosa ambalo hata dada yangu hawezi kulitamka. Na wewe ukanifuta machozi. Kwa mkono huo huo."

Mpima aliutazama mkono wake.

"Twende nyumbani," alisema. "Tukazungumze ndani, mimi na wewe. Nakuomba."

Joto alifikiria mapazia yale yaliyofungwa. Alijua akiingia mle leo, ataombwa msamaha kwa magoti, atakandwa miguu, na kesho saa kumi gari litakuwa getini kabla hajafika.

"Nina nukta saba zimebaki," alisema.

"Samahani jamani," Refu alisema kwa sauti ndogo, fomu mkononi. "Dakika tatu zimepita zamani. Hapa niandike nini?"

"Andika tumechelewa. Mambo ya familia."

Fundi akapiga mguu chini, akaangua kicheko, kisha akajifuta machozi kwa kipande cha kitambaa. Joto akamkumbatia dada yake, hapo hapo juani, mpaka sare nyeupe ikalowa jasho la wawili. Kisha akashika upande mmoja wa mkokoteni. Nesi akatembea naye mpaka nukta ya mwisho.

Saa kumi gari la Mpima lilikuwa getini. Joto alilipita. Hakugeuka. Siku hiyo hiyo, Joto alipomweleza, mkuu wa mradi aliyafunga mafaili, akamwondoa Mpima.

Ujumbe uliingia mfululizo.

"Nyumba imekuwa kaburi."

"Nimefungua madirisha yote. Njoo uone."

"Niadhibu vyovyote ila usinyamaze."

Wiki ya pili familia zikakaa. Mjomba wake Joto, mtu wa heshima, akasema la moyoni.

"Mwanangu, hakukupiga. Hakuleta mwanamke mwingine. Unaondokea namba ya simu?"

"Mjomba, siku zote hizo mlidhani nimewasusa?"

"Tulidhani hivyo."

"Na mimi nilidhani mmenisusa. Nilikaa mle ndani nikajua duniani nina mtu mmoja tu, na huyo mmoja ndiye aliyewaondoa wengine wote. Angenipiga mngeona alama."

Mjomba aliinamisha kichwa.

Lakini kutoka hakukuwa kama kufungua mlango. Kwa Nesi, Joto alilala chumba kimoja na binti wa dada yake, godoro chini, na bado kila saa kumi alishtuka akitazama saa. Akichelewa, aliingia akijieleza.

"Foleni ilikuwa ndefu dukani, halafu mwenye duka hakuwa na chenji, ndiyo maana—"

"Mdogo wangu," Nesi alisema, "sijakuuliza."

Joto akauweka mfuko mezani.

Mpima alikuja mara moja tu, mchana, akakaa kwenye kiti cha wageni, viatu ameviacha nje. Alikuwa amepungua. Aliomba radhi kwa Nesi kwanza, na safari hii Nesi aliitikia salamu yake. Kisha akamgeukia Joto.

"Bado unanipenda?"

"Ndiyo," alisema Joto. Na ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomtisha. "Ndiyo maana siwezi kurudi. Nikirudi nitakusamehe kila siku."

"Nije tena lini?"

"Usije. Nikiwa tayari nitakupigia."

Hakupiga mwezi ule, wala uliofuata. Mwezi wa tatu, Jumamosi asubuhi, alikaa kibarazani kwa dada yake, akabonyeza namba aliyoijua kwa kichwa.

"Nilijua utapiga," Mpima alisema.

"Nataka talaka."

Alimsikia anavuta pumzi. Akasubiri ubishi, akasubiri sauti ile ya upole iliyomrudisha ndani mara zote. Haikuja.

"Nitaiandika," Mpima alisema mwishowe. "Nitaileta kwa mjomba, mbele ya watu. Sitakusumbua."

"Asante."

"Nilikupenda vibaya."

"Najua. Na mimi nilikaa kimya vibaya."

Mpima akaanza kulia, kilio cha mtu asiyezoea. Joto akafunika mdomo kwa kiganja, naye machozi yakamshinda. Walilia hivyo, kila mmoja upande wake wa simu, na kwa muda mrefu hakuna kati yao aliyethubutu kuwa wa kwanza kukata.