Mtamba Aliyegeuzwa Paneli

Zamani Hyasinta alikuwa akipika ugali mapema. Hakutaka giza limkute na sufuria. Giza likimkuta, ilikuwa lazima awashe kibatari. Na kibatari kikiwaka, Lucy alikohoa.

Lucy ni bintiye, ana miaka minane. Ana pumu. Moshi ukimwingia kifuani, pumzi zake hulia kama filimbi. Nesi Consolata wa zahanati ya pale Suguti alishasema mara tatu.

"Mama Lucy, moshi ndani ya nyumba sitaki kuusikia. Kuni pikia nje. Kibatari kitupe."

Kukitupa ni rahisi kusema. Utawasha nini? Umeme wa nguzo ulikuwa haujafika kwenye kitongoji chao. Basi Hyasinta akafanya jambo zito. Alikuwa na mtamba mmoja, mweusi mwenye baka jeupe usoni. Baba yake, kule Butiama, alimpa akiwa ndama, mwaka Lucy alipoanza shule. Mtamba mwenyewe alikuwa na mimba. Hyasinta akamuuza ili anunue sola. Siku hiyo hakula.

"Ng'ombe mwingine atapatikana," alimwambia mume wake, Bernado. "Kifua cha mtoto hakiuzwi mnadani."

Sola waliinunua mnadani Bunda. Muuzaji aliitwa Paschal. Alikuwa ametandika turubai chini, juu yake paneli zinang'aa. Na maneno yake, ee! Yule angeweza kumuuzia samaki maji ya ziwa.

"Hii ni wati mia tatu, baba," alimwambia Bernado. "Soma mwenyewe, si imeandikwa? Taa, redio, tivii, pasi, friji, vyote vinawaka. Na haina matunzo. Ukishaifunga, isahau."

Bernado akasoma. Kweli iliandikwa wati mia tatu. Lakini paneli yenyewe ilikuwa ndogo kama sinia.

"Mbona ndogo hivi?" Hyasinta akauliza.

"Teknolojia, mama!"

Wakacheka, wakalipa. Hawakupewa risiti, na wala hawakuiomba.

Kesho yake fundi wa Paschal akaja na pikipiki. "Niiweke wapi?" akauliza. Bernado akamwonyesha bati la upande wa barabara. "Hapo hapo. Watu wakipita waone na sisi tuna sola."

Kwenye kona ya upande huo huo kuna jabali kubwa, refu kuliko nyumba. Fundi hakulitazama. Akapigilia misumari kwenye bati, akaunganisha waya moja kwa moja kwenye betri, akawasha pikipiki yake. Hata chai hakunywa.

Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Taa tatu ziliwaka. Hyasinta akakitupa kibatari nyuma ya mtungi. Lucy akalala bila kukohoa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Sasa hapa kuna jambo. Bernado na mdogo wake, Ryoba, ni wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza, na taa za mtumbwini zinataka betri. Kwa wavuvi wa kule, betri haina mwenyewe. Ya huyu ikiisha, anaazima ya yule. Basi kila jioni, Lucy akishalala, Ryoba alikuwa mlangoni.

"Shemeji, nipe betri. Asubuhi nairudisha."

Hyasinta alimpa. Betri ikaenda ziwani, ikawaka mpaka ikakata roho, asubuhi ikarudi imelowa. Hyasinta aliipangusa na kuunganisha waya. Si jua lipo? Litaijaza.

Mwezi wa pili taa zikaanza kufifia saa mbili. Mwezi wa tatu, saa moja na nusu. Kisha jioni moja wamekaa wanakula, hata kitoweo hakijaisha, taa zote zikazima. Bernado akapapasa nyuma ya mtungi, akakitoa kibatari.

"Cha leo tu," akasema.

Wapi! Kiliwaka siku nne. Siku ya nne kifua cha Lucy kikabana. Mtoto alikuwa ameshika ukingo wa meza, mabega yanapanda na kushuka, macho yamemtoka. Hyasinta akambeba hadi barabarani, akasimamisha bodaboda, na njia nzima hadi zahanati alikuwa anamwambia, "Vuta, mama. Vuta pumzi. Tunafika."

Nesi Consolata akampulizia dawa. Akangoja. Akampulizia tena. Taratibu filimbi ikapungua, Lucy akalegea, akalala kwenye mapaja ya mama yake. Hapo ndipo Hyasinta alipoinua macho. Juu yake taa ilikuwa inawaka, nyeupe, imetulia tuli.

"Nesi, hii taa ni ya nguzo?"

"Ya sola. Huu mwaka wa nne."

Hyasinta akahisi damu inamchemka. "Mwaka wa nne? Yangu ina miezi mitatu, imekufa! Jua la zahanati na jua la kwangu si moja? Nimetoa mtamba mwenye mimba, nesi! Mtamba wa baba yangu! Na mwanangu bado anavuta moshi?"

"Usinigombeze mimi," Consolata akasema, lakini kwa upole. "Hii tulifungiwa na Debora, fundi wa Mwisenge, pale Musoma. Ana leseni yake. Anakujaga kukagua kila baada ya miezi mitatu. Alhamisi atakuwa hapa. Nitamwambia apite kwako."

Alhamisi, saa nne asubuhi, Debora akafika. Ni mwanamke mfupi, mwenye mkoba wa vifaa na sauti ya mtu asiye na haraka. Hakupanda juu ya bati. Alisimama uani kwanza, akatazama paneli, akatazama jabali. Kivuli cha jabali kilikuwa kimefunika nusu ya paneli.

"Jua linaifikia paneli yote saa ngapi?"

"Kama saa sita hivi," Bernado akajibu.

"Basi kila siku mnapoteza asubuhi nzima. Kivuli kikifunika kona moja tu, nguvu ya paneli nzima inashuka. Nani alichagua hapo?"

Bernado akakohoa kidogo. "Nilitaka watu wa barabarani waone."

"Paneli haitazami barabara, baba Lucy. Inatazama jua."

Akapanda, akaishusha paneli, akaiweka juani uani na kuipima kwa mita yake. Akatikisa kichwa.

"Wati mia tatu za kweli, paneli yake inakaribia ukubwa wa mlango wenu huo. Hii hata hamsini haifiki. Hiyo karatasi ya nyuma mtu yeyote anaweza kuibandika."

"Niliuliza!" Hyasinta akafoka. "Nilimuuliza mbona ndogo! Akanijibu teknolojia, na mimi nikacheka!"

Debora akageukia betri. Akaikwangua kwa bisibisi. Rangi nyeusi ikabanduka, chini yake ikatokea rangi ya zamani.

"Betri ya gari, tena iliyotumika. Hii kazi yake ni kuwasha injini mara moja, siyo kutoa umeme kidogo kidogo jioni nzima. Na chaji kontrola iko wapi?"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni kifaa kinachokaa kati ya paneli na betri. Betri ikijaa, kinazuia umeme usizidi. Taa zikiunganishwa hapo hapo, betri ikikaribia kuisha, kinazima chenyewe. Bila hicho, betri haina mlinzi." Debora akainama zaidi. Akachomoa kitu kwenye ncha ya betri, akakiinua juu. "Na hiki?"

Alikuwa dagaa, amekauka.

"Dagaa anafanya nini kwenye betri ya nyumba?"

Bernado akatazama vidole vyake vya miguu. Ryoba, aliyekuwa amekuja kusikiliza, akaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea njiani.

"Tunaazimanaga tu, fundi," Bernado akasema. "Huku ndivyo tulivyozoea. Asubuhi tunairudisha."

"Mnairudisha imekauka kabisa. Betri ya namna hii ukiikausha kila siku, unaiua. Hata ile nzuri ya sola, ukiifanyia hivyo, haimalizi mwaka."

Hyasinta akamgeukia mumewe, mikono kiunoni. "Kumbe ni nyinyi! Nyinyi na dagaa wenu! Mwanangu anakosa pumzi, betri inatembea ziwani!"

Bernado hakupandisha sauti. "Na Ryoba alikuwa anapewa na nani?"

Hyasinta akaiondoa mikono kiunoni. Akaitazama. Akakaa chini kwenye gogo la uani, na machozi aliyoyazuia tangu siku ya mtamba yakamshuka.

"Mimi," akasema. "Kwa mkono huu huu."

Debora akakaa kando yake. "Msimalizane. Nyinyi mlikosea kwa kutojua. Yule aliyebandika karatasi na kupaka betri rangi anajua. Umenisikia, mama Lucy? Yeye anajua."

Maneno hayo yalimwingia. Siku ya mnada, Hyasinta alishuka Bunda, paneli kichwani. Paschal alikuwa palepale, turubai lilelile.

"Nirudishie hela ya mtamba wangu," Hyasinta akasema. "Umetuuzia uongo."

"Mtamba gani? Mama, mimi nauza sola. Risiti yako iko wapi?"

"Hukunipa."

"Basi sikujui." Akamgeukia mteja mwingine.

Hyasinta hakutukana. Alivuta tofali, akakaa kando ya turubai, paneli mapajani. Mteja akaja, akaokota paneli.

"Kaka, hebu muulize, wati mia tatu zinakaaje kwenye sinia?" Hyasinta akasema kwa sauti ya sokoni. "Muulize kama anatoa risiti. Muulize waranti ni ya muda gani na imeandikwa wapi. Muulize hiyo betri chini ya rangi kuna nini. Mimi yangu hii hapa, njoo uishike!"

Mteja akaiweka paneli chini, akaondoka. Akaja wa pili, akaondoka. Kina mama wa nyanya wakaanza kucheka. Mmoja akadakia, "Teknolojia, mama!" Umati ukaongezeka. Mpaka saa saba Paschal hakuwa ameuza hata balbu.

"Mama, unaniharibia biashara," akanong'ona.

"Wewe ulitaka kuniulia mtoto! Ukipenda, hawa wote twende nao kwa uongozi wa mnada. Ukipenda, polisi. Mimi leo sina haraka."

Paschal akaingiza mkono mfukoni. Akahesabu, akatoa. Hyasinta akapokea, lakini hakuinuka.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Kwamba umerudisha hela kwa sababu paneli haikuwa wati mia tatu. Weka jina lako na saini. Leo utatoa risiti, Paschal."

Akaandika. Hyasinta akaisoma herufi kwa herufi, akaikunja. Karatasi hiyo aliipeleka kwa uongozi wa mnada siku hiyo hiyo, na mnada uliofuata turubai la Paschal halikuonekana.

Safari hii hawakukimbilia kununua. Debora aliwakalisha kwanza.

"Niambieni mnataka kuwasha nini, na kwa saa ngapi. Hapo ndipo nitajua paneli gani na betri gani."

"Taa nne," Hyasinta akasema. "Simu. Redio."

"Na pasi," Bernado akaongeza.

"Pasi hapana. Chochote kinachotoa joto, pasi, birika, jiko, kinakula umeme mno. Mfumo wenu mdogo hautakiweza. Pasi ibaki ya mkaa."

Walikwenda pamoja na Debora kwenye duka la Musoma. Walitazama alama ya ubora ya TBS, wakapewa risiti na karatasi ya waranti. Nyumbani, Debora alikagua mbao za paa kama zitabeba uzito. Alifunga paneli kwenye bati la mbali na jabali, mahali panapopata jua tangu asubuhi hadi jioni. Aliiinamisha kidogo ili mvua ioshe vumbi, na kila tundu la bati akaliziba lisivuje. Betri aliiweka penye hewa, mbali na moto na mikono ya watoto, na kati yake na paneli akafunga chaji kontrola. Akamwonyesha Hyasinta namna ya kuifuta paneli kwa kitambaa laini na maji, asubuhi kabla haijapata moto.

Bernado akasimama barabarani, akainua shingo. "Watu hawataiona."

"Wataona taa," Hyasinta akamjibu.

Bernado na Ryoba wakanunua betri yao ya mtumbwini. Kibatari kikawa cha kuwekea misumari. Miezi sita sasa, Lucy hajapelekwa zahanati kwa ajili ya moshi.

Lakini mazoea yana taabu. Juzi jioni Lucy alikuwa anasoma kitabu cha hadithi chini ya taa. Ryoba akatokea mlangoni, kapu begani. Yeye na Bernado walikuwa wamesahau kuchaji betri yao.

"Shemeji, nipe betri. Ya leo tu."

Leo tu! Hyasinta alisikia hasira inapanda toka miguuni. Alivuta pumzi ampashe. Lucy akamtangulia. Alifunga kitabu, akaenda kusimama mbele ya betri, kifua mbele.

"Baba mdogo," akasema, "hii betri ni ya kifua changu."

Ryoba akamtazama mtoto. Akaitazama taa. Akalishusha kapu begani, akavuta kiti, akakaa.

"Basi leo sivui," akasema. "Nisomee hiyo hadithi yako."