Ndoo Tatu za Shaba

Kule Wazo, ambako vumbi la saruji hutua hata kwenye majani ya malisho, familia tatu zilikuwa na banda moja la farasi. Adelina, Mama Gibson, alifuga jike lake Tausi. Kijana Erasmus alikuwa na farasi wake. Kasiani, baba yake Clara, alikuwa na wake, Shaba. Jumamosi na Jumapili waliwapeleka Mbezi Beach, watoto wakapanda kwa malipo. Shaba ndiye aliyeilisha nyumba ya Kasiani. Kazi nyingine hakuwa nayo.

Banda lilikuwa la wote, lakini kila mtu alifanya apendavyo. Aliyejisikia alizoa samadi. Aliyekumbuka alifunga geti. Kukaa wakapangana? Thubutu! Walioneana haya.

Siku moja Kasiani alikwenda msibani Mabibo. Alasiri Adelina alifika kumlisha Tausi. Shaba akatoa kichwa nje, akalia, akagonga mlango kwa kwato.

"Maskini, baba yako hajaja?" Adelina akamjazia ndoo ya mahindi yaliyoparazwa. "Haya, kula. Tenda wema uende zako."

Akaenda zake kweli, wala hakumwambia mtu. Hakujua kwamba mchana Erasmus naye alishampa. Jioni Kasiani akarudi amechoka, akamkuta Shaba analia vilevile. Akampa ndoo ya tatu.

Asubuhi Adelina alimkuta Shaba chini. Alikuwa anagaagaa, jasho linamchuruzika, kila mara anageuka kuutazama ubavu wake. Kasiani alikuwa amepiga magoti, ameshika kamba. Daktari wa mifugo, dada mmoja aitwaye Bupe, alikuwa ameshafika.

"Jana amekula nini?" Bupe aliuliza.

"Ndoo moja tu, kama kawaida," alisema Kasiani.

Erasmus akainamisha kichwa. "Mzee, mie nilimpa mchana. Nilijua utachelewa."

Adelina angeweza kunyamaza, nani angejua? Akamtazama Shaba.

"Na mie nilimpa, Baba Clara. Alasiri. Nisamehe."

Kasiani alimpangusa Shaba jasho.

"Ndoo tatu!" Bupe alisema. "Farasi hawezi kutapika. Nafaka ikizidi huchacha tumboni, hewa ikajaa, utumbo ukajisokota."

"Lakini alikuwa analia njaa, daktari!" Adelina alisema.

"Farasi akiona ndoo tu hulia, mama, hata awe ameshiba."

Bupe alipitisha mpira puani mpaka tumboni. Akachoma sindano. Haikusaidia kitu. Jua lilipopanda Shaba alitetemeka, akanyoosha miguu, akafa. Kasiani alilia mbele za watu kama aliyefiwa na ndugu.

"Nilimwonea huruma tu," Adelina alisema huku akilia.

"Huruma ilikuwepo," Bupe alimjibu. "Kuulizana ndiko hakukuwepo. Farasi wa mwenzio mpe maji safi. Chakula usimpe mpaka mwenyewe aseme. Na mkishamlisha, pindueni ndoo yake mlangoni, kila apitaye aone."

Walipomaliza kumzika Shaba walikaa wakapangana, haya zimewatoka. Samadi ni kwa zamu. Anayetoka mwisho anafunga geti. Ndoo iliyopinduliwa haiguswi. Adelina na Erasmus wakamwomba Kasiani awaongoze farasi wao ufukweni, wagawane kinachopatikana. Kasiani akakubali.

Mvua zilipoanza, Gibson aliugua. Adelina akakwama naye hospitali mpaka jioni. Simu ikaita.

"Mama Gibson, nipo bandani," ilikuwa sauti ya Kasiani. "Tausi analia, na ndoo yake imesimama. Nimempa maji. Nimlishe?"

"Erasmus je, hajampa?"

"Nimeshamuuliza. Hajampa."

"Basi mpe nusu ndoo, Baba Clara. Asante sana."

"Nusu. Nikimaliza naipindua."

Kesho yake Adelina alimkuta Tausi mzima, anatafuna majani. Ndoo yake ilikuwa imepinduliwa. Kwenye mlango wa pili, uliokuwa wa Shaba, Kasiani alikuwa amefagia pakawa safi, na ndoo ya Shaba ameipindua nayo. Adelina akashika mlango ule, akalia.