Mwizi Aliyeacha Hedifoni

Kilichoibwa kilikuwa redio.

Juu ya stuli, kando ya kitanda cha mzee, kilibaki kitambaa cheupe cha kufuma. Chaja ilikuwa bado imechomekwa ukutani. Hedifoni nyeusi, zile spika mbili ndogo za kuvaa masikioni, zililazwa juu ya kitambaa, waya wake umekunjwa vizuri kama ulivyotoka dukani.

Inspekta aliinama akaziangalia kwa muda. Hakuzigusa. Kituoni askari vijana walimwita Kobe. Alijua, wala hakujali.

"Afande, mwizi kapatikana," koplo alisema kutoka mlangoni. "Yule binti wa kazi yuko kituoni. Mtoto wa mzee ndiye aliyempeleka, kamshika mkono njia nzima."

"Na redio?"

"Redio bado."

"Alama za vidole?"

"Zimejaa. Za watu wote wa nyumba hii."

"Basi hujapata mwizi, koplo. Umepata mtu."

Mtoto wa mzee, dereva wa lori, alikuwa sebuleni, hakai wala hasimami.

"Nani aliinunua?" Inspekta aliuliza.

"Mimi. Ile ya zamani inakwaruza mpaka mbwa wa jirani anabweka. Nikazunguka maduka, nikapata hii ya kidijitali. Ndogo, bei ya watu kama sisi, lakini sauti yake safi, utadhani mtu yuko chumbani. Wiki haijaisha, Inspekta!"

"Kwa nini unamshuku binti?"

"Ndiye aliyeingia kufagia Baba akiwa amelala. Tena juzi alisema mbele yangu kwamba angepata redio kama hii angelala nayo."

"Mke wangu husema hivyo kuhusu friji ya jirani," Inspekta alisema. "Dirisha au mlango umevunjwa?"

"Hapana."

Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika magoti. Alifanya kazi katika kiwanda cha magunia mpaka mashine zikamla masikio, kwa hiyo Inspekta alisogea akamsemea karibu na shavu.

"Mzee, uliiona lini mara ya mwisho?"

"Nilipojilaza baada ya chakula. Naamka, redio haipo."

"Ulikuwa unaiwashaje?"

Mzee alicheka kwa aibu. "Siiwashi mimi. Vile vitufe vinanishinda. Kijana wa dukani alinitegea saa. Mchezo wa kuigiza wa jioni ukikaribia, inajiwasha yenyewe. Kazi yangu kuvaa hedifoni tu. Nasikia hata mtu akimeza mate!"

"Mkeo anajua kwamba inajiwasha?"

"Atajuaje? Haitoi sauti nje. Ananikuta nimeshavaa."

Inspekta aliitikia kwa kichwa, akatoka.

Mke wa mzee alikuwa dirishani sebuleni, kwenye cherehani yake. Alikuwa anashona mito ya viti iliyoagizwa na mwenye nyumba ya wageni, yote ya buluu, na iliyokwisha ilipangwa ukutani. Mmoja alikuwa ameuegemea mgongoni. Inspekta alipitisha macho. Mito ya ukutani ilifungwa kwa mashine. Ule wa mgongoni ulifungwa kwa mkono, mishono midogomidogo ya haraka. Sindano yenye uzi wa buluu ilikuwa imechomwa kwenye ukosi wa gauni lake.

Kwenye rafu, redio ya zamani ilikuwa imefutwa vumbi.

"Umeirudisha leo, Mama?"

"Mzee hana nyingine sasa."

"Waya huu mrefu wa nini?"

"Antena ilivunjika zamani. Lazima mtu ashike waya huu hapa dirishani, mkono juu, ndipo inasema vizuri. Ukiachia, inakoroma."

"Nani alikuwa anaushika?"

"Nani mwingine?" Alikanyaga pedali, cherehani ikalia.

Inspekta alisubiri mpaka ikanyamaza.

"Na ile mpya, uliipenda?"

"Ni ya mzee."

"Hukuwahi kuisikiliza?"

"Inaongea masikioni mwake, Inspekta. Mimi nasikiliza cherehani."

Kituoni, binti wa kazi alikuwa ameketi kwenye benchi, kilemba mapajani. Machozi yalikuwa yamekwisha kukauka.

"Ulifanya nini chumbani?"

"Nilifagia nikatoka. Mmenipekua mpaka soli za viatu. Mmepata nini?"

"Hatukupata kitu."

"Basi niandikieni hivyo. Nikitoka pale kwa jina la wizi, nyumba gani itanifungulia mlango? Mtaa mzima umeniona nikivutwa kama mbuzi."

"Mama alisema nini ulipokuwa unachukuliwa?"

Binti alifikiri. "Hakusema. Aliangalia cherehani yake. Nilikuwa namsubiri aseme hata neno moja."

Kutoka hapo Inspekta alipitia dukani. Kijana muuzaji alimkumbuka mzee vizuri.

"Nilimtegea mwenyewe, Afande. Hakutaka kukosa mchezo."

"Bila chaja itawaka?"

"Betri yake inakaa kutwa."

"Na hedifoni zikichomolewa?"

"Sauti inatoka kwenye spika yake, tena kubwa." Kijana alitoa nyingine ya aina ileile kabatini, akaiwasha karibu na redio ya kawaida ya dukani, stesheni moja. "Sikiliza. Unaona hii ya kidijitali inavyochelewa nyuma ya ile? Kidogo tu. Wateja wanairudisha wakidhani mbovu. Si mbovu, ndivyo zilivyo."

Inspekta alisikiliza sauti moja ikiifuata nyingine. Akamshukuru, akanunua betri za tochi ili asitoke mikono mitupu.

Jioni, kabla ya mchezo, alirudi na koplo na binti. Mtoto wa mzee alimwona binti, akasimama.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Anasikiliza mchezo, kama sisi," Inspekta alisema. "Kaa."

Mzee aliletewa kiti karibu na rafu. Mama aliinuka kitini, akaiwasha redio ya zamani, ikakoroma. Akasogea dirishani, akashika ncha ya waya, akainua mkono. Sauti ikanyooka. Uso wake nao ulilegea, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Muziki wa mwanzo ukapigwa, kisha ukapungua. Mwanamke wa mchezoni akasema:

"Nimerudi. Fungua."

Halafu, kutoka kwenye kiti cha Mama, ndani ya mto wa buluu, mwanamke yuleyule akasema tena:

"Nimerudi. Fungua."

Mlango wa mchezoni ukagongwa redioni, ukagongwa tena ndani ya mto. Mama alibaki na mkono juu, anautazama mto.

Mtoto wa mzee aliurukia, akataka kuupasua.

"Taratibu," Inspekta alisema. "Hiyo ni kazi ya mtu." Alichukua mkasi mezani, akakata uzi mshono kwa mshono. Katikati ya pamba ilitoka redio ndogo, jina la stesheni likiwaka kwenye kioo chake. Akaizima.

Mama akaachia waya. Redio ya zamani ikaanza kukoroma, na koplo akaizima nayo.

"Ni mimi," Mama alisema kwa sauti ya chini.

"Kasema nini?" mzee aliuliza.

"Nimesema ni mimi!" Sasa ilibidi apaze sauti, na dirisha lilikuwa wazi. "Mimi ndiye niliyeichukua ukiwa umelala!"

"Kwa nini, mama watoto? Ungeitaka si ungesema?"

"Siitaki! Tangu tulipooana tunasikiliza mchezo pamoja. Mimi nashika waya. Wewe nusu huisikii, unaniuliza kasema nini, nakwambia. Tunabishana nani mwongo mle ndani mpaka chakula kinapoa. Kikaja kidude hiki. Ukavaa zile kamba, ukaanza kucheka peke yako. Nikakuuliza unacheka nini. Ukaninyooshea kidole ninyamaze."

"Mimi?"

"Wewe. Kwa kidole hicho hicho."

Mzee alikiangalia kidole chake.

"Na binti huyu?" Inspekta aliuliza.

Hapo Mama alivuta kiti, akakaa.

"Nilitaka kesho niseme ilidondoka nyuma ya kitanda. Mtoto akamvuta kabla sijapata la kusema. Nikajiambia watamwuliza tu, watamrudisha. Kila nilipotaka kufungua mdomo, ukawa mzito zaidi."

"Ulitakiwa kusema neno moja, Mama," binti alisema. "Mimi nilikuwa mlangoni pale nakutazama."

"Najua. Nilikuona. Nisamehe, mwanangu."

Mtoto wa mzee alikohoa. "Na mimi pia, dada. Nilikosa."

"Wewe ulinikosea mtaa mzima ukiona," binti alimjibu. "Utaniomba radhi mtaa mzima ukiona."

Dereva alimtazama Inspekta, akitafuta msaada. Hakuupata. Alitoka nje na binti, na kutoka sebuleni walimsikia akimwita jirani wa kwanza, kisha wa pili.

Inspekta alimgeukia mzee. "Mwenye mali ni wewe. Tufungue kesi?"

"Eh?"

"Kesi! Tufungue?"

Mzee alimtazama mkewe, akatikisa kichwa. Binti alikuwa amerudi mlangoni, anafunga kilemba.

"Nakwenda kulala kwa shangazi," alisema. "Kama nitarudi, mtaniona kesho. Leo pikeni wenyewe."

Mama aliinuka kwenda jikoni. Mzee akanyoosha mkono, akairudishia uhai redio ya zamani. Ikakoroma. Alisubiri. Mkewe alisimama kati ya mlango wa jikoni na dirisha, kisha akaenda dirishani, akainua waya.

Inspekta alivaa kofia yake. Alipofika barabarani alimsikia mzee nyuma yake, akipiga kelele kama kawaida ya viziwi:

"Kasema nini huyo?"

Na Mama akamwambia.