Nilimtuma Aniposee, Akajiposea Mwenyewe

Nina miaka ishirini na saba. Nina digrii ya kemia. Na mshenga niliyemtuma kwa wakwe zangu ndiye sasa anayeishi na mchumba wangu.

Kama hamkuielewa sentensi hiyo, isomeni tena. Mimi nimeirudia kichwani mpaka imeninyima usingizi.

Jina langu ni Charo, wa Marereni, kaskazini mwa Malindi. Baba alishafariki. Naishi na mama, ambaye hushona makuti ya kuuza huku mguu wake mmoja umevimba, na ambaye hunisema tangu anapoamka mpaka anapolala. Nilipomaliza chuo nilipata kazi kwenye kiwanda kimoja cha chumvi. Nilikuwa napima ukali wa maji ya bahari kwenye mabwawa, nikisema lini yahamishiwe bwawa linalofuata na lini chumvi iko tayari kukwanguliwa. Buti za mpira, jua la utosi, chumvi mpaka ndani ya masikio...

Ilikuwa kazi nzuri. Leo nasema hivyo. Wakati ule nilisema nini? Nilisema ni jehanamu!

Mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Ukiniambia "njoo", nitakaa nikijiuliza kwa nini hukusema "karibu". Sasa mtu kama mimi mpe simu, halafu mpe rafiki kama Katana.

Katana tulisoma naye chuoni, darasa moja, digrii moja. Yeye alipata kazi kwenye hoteli ya ufuoni huko Kikambala. Kila siku picha! Katana na tai. Katana kando ya bwawa la kuogelea. Katana na sahani ya kamba wakubwa kama mkono wa mtoto. Mimi nazitazama huku natoa matope kwenye buti. Nikawa nampigia simu kumlilia. Kazi mbaya, paa linavuja, mama ana mdomo. Hata Sidi sikumwacha.

Sidi alikuwa mchumba wangu, mwalimu wa chekechea hapa Marereni. Kwao ni Adu, watu wa kulima mahindi na mihogo. Nilimpenda jamani, nilimpenda! Lakini nilimwambia Katana kwamba kwao kunanuka mbuzi, na kwamba baba mkwe akicheka unaona hadi koo. Niliyasema kwa kinywa changu, tena nikacheka.

Kwetu huwezi kwenda kuposa mwenyewe. Unamtuma mshenga na kibuyu cha mnazi, ile pombe ya kugema, na mshenga ni mtu mzima mwenye mke wake. Ami yangu Chengo, mdogo wa marehemu baba, alikuwa tayari. Lakini ami ni mgema. Nguo zake zinanuka tembo, na meno ya mbele hana. Nikawaza, nikawazua... Msomi mzima niwakilishwe na huyu? Nikasema ataenda Katana.

Mama aliacha kushona. "Kapera akuposee mke? Umeyaona wapi hayo, Charo? Ndiyo mliyofundishwa huko?"

Ami alicheka tu. "Mwache, shemeji. Msomi ana mambo yake." Akaondoka, na kwa muda mrefu hakukanyaga kwetu.

Wakati huohuo Katana akanipigia. Alisema kuna nafasi hotelini kwao, meneja ni mtu wake, niache ile chumvi nije haraka. Kuhusu Adu nisijali. Alikuwa na likizo, angepitia mwenyewe na kibuyu. Ndugu yangu kabisa huyu! Nikaacha kazi. Wala sikutafuta ushauri. Nilimwachia mama kibuyu amkabidhi, nikapanda gari.

Kikambala nilipokewa na mlinzi wa getini. Nilipomtaja Katana aliniangalia kwa huruma. "Katana tulishamuaga zamani, kaka. Wageni walipungua, wakapunguzwa wengi. Kama na wewe umefuata kazi, geuza hapo hapo."

Kumbe zile picha zilikuwa za zamani! Alikuwa akizitoa moja moja, kama mtu anayekula akiba.

Nilimpigia. Akajifanya analia. Alisema aliona aibu kuniambia, lakini kuna hoteli nyingine, anamjua mtu, nisubiri hukohuko. Nikasubiri! Mjinga mimi, nikasubiri kwa binamu yangu, mchana nikizunguka hoteli baada ya hoteli na vyeti mkononi. Kwa nini sikurudi nyumbani? Kwa sababu niliwaza watu watasema nini. Watu! Watu gani hao, na waliwahi kunilisha lini?

Ndipo mama akapiga simu. Siku hiyo hakunisema. Aliniambia tu, "Rudi, mwanangu. Mtu wako amechukua kazi yako."

Nilimkuta Katana bwawani, amevaa buti, ameinama anapima maji. Digrii yake ni kama yangu, na nafasi nilikuwa nimeiacha wazi, kwa hiyo kiwanda kilimchukua bila maswali. Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alimaliza kupima maji yake, kisha akasema, "Charo, si uliniambia hii ni jehanamu? Mimi nimekutoa jehanamu, badala ya kunishukuru wanitukania mama?"

Vibarua wakacheka. Nikakimbilia Adu.

Sidi alinipokea uani, hakunipa hata kiti. Katana alikuwa amempelekea kila neno langu. Mbuzi. Kicheko cha baba yake. Vyote!

"Nambie, amenisingizia?" akauliza.

Nikaanza kusema ulikuwa utani tu, akanikata kauli.

"Mwenzio alikuja na kibuyu chako, akaketi na baba, akala sima yetu akaomba nyongeza. Wewe ukija unashika simu tu."

Halafu akanieleza lililonimaliza. Katana alikuwa amerudi mara ya pili, na kibuyu chake mwenyewe. Safari hiyo alimleta mshenga wa kweli. Ami yake! Mtu mzima, mwenye mke! Heshima niliyoidharau mimi, yeye aliifuata hatua kwa hatua... na mnazi ukanywewa, posa ikakubaliwa.

Leo mimi ni kibarua wa kukwangua chumvi kwenye kiwanda kilekile. Katana ndiye anayetwambia lini tuanze. Paa bado linavuja. Mama bado ana mdomo, na jioni namkanda mguu huku ananisema, na nakaa. Sitafuti pengine pa kuwa. Ugali wake naula ukiwa moto, na simu naiacha ndani. Sikuwahi kula hivyo nilipokuwa na kila kitu.

Lakini msidhani nimesamehe. Sijasamehe! Nina hasira na Katana, na nyingine kubwa zaidi na kinywa changu.

Wasomaji wenzangu, nawaomba. Una kazi inayokuchosha? Una mzazi msumbufu, mchumba wa kwao maskini, nyumba ya nyufa? Lia ukitaka, ziba nyufa ukiweza, lakini usiyatukane maisha yako mbele ya mtu. Wewe unadhani anakuhurumia... Mwenzio anayapima, aone kama yatamtosha.