Mama Alisema Ninaumwa, Wao Wakasema ni Imbalu

Nina miaka ishirini na minne. Nauza nguo katika duka la Mhindi mmoja hapa mjini Jinja, na wateja wananiona kijana mpole. Laiti wangejua mikono hii imefanya nini!

Sisi ni Wagisu wa Busiu, mashariki mwa Uganda. Kwetu kijana hahesabiwi mwanamume mpaka apite kwenye kisu cha tohara, ndiyo imbalu. Na kabla ya kisu, roho ya imbalu humshika... akatetemeka, akaimba, hata akasikia wazee waliokufa wakimwita.

Nilikuwa nasoma Mbale, nimepanga chumba mtaa wa Nkoma, nilipoanza kumsikia marehemu babu. Aliniita kwa jina langu, mchana kweupe! Nikaacha masomo, nikarudi nyumbani. Baba alilia kwa furaha. Mwanawe wa kwanza, na babu mwenyewe amemwita! Ungekuwa wewe, ungekataa?

Mama peke yake ndiye aliyeshtuka. Vijana wenzangu walicheza ngoma, kisha wakala, wakalala. Mimi sikula wala sikulala. Nilicheka peke yangu, nikazungumza na ukuta.

"Huyu mutoto iko mugonjwa," mama alimwambia baba. "Tupeleke yeye hospitali."

Baba akamfokea mbele ya wageni. "Wewe mama, nyamaza! Hii mambo ya imbalu si ya wanawake."

Basi nikapakwa unga wa wimbi, nikavishwa shanga na njuga, nikazungushwa kwa wajomba nikicheza kuliko wote. Watu walinishangilia... kumbe wanashangilia ugonjwa! Siku ya kisu nilisimama imara, sikutikisika.

Tunaamini kisu kikishapita, roho humwacha kijana. Mimi haikuniacha. Sauti ziliongezeka, wala hazikuwa tena za babu peke yake. Zilinitukana. Zikaniambia kwamba mwanamke anayeniletea uji si mama yangu, ni mchawi aliyevaa sura yake.

Asubuhi moja aliingia na kikombe. Nikachukua fimbo niliyochezea imbalu, nikampiga usoni. Jicho lake la kushoto likapofuka... Ee Mungu wangu!

Na mnajua watu walisema nini? Eti ndiyo malipo ya mwanamke anayeingilia imbalu! Baba aliyasikia hayo, akanyamaza. Mpaka leo hajamwomba radhi.

Mimi nikafungwa kamba. Ni mama huyo huyo, bandeji ingali usoni, aliyenifungua na kunileta Jinja kwa kaka yake, wakanipeleka hospitali. Daktari hakunicheka. Alisema hawezi kupima kama babu aliniita au hakuniita, lakini mtu asiyekula wala kulala anahitaji dawa, hata awe ameitwa na nani.

Ndugu zangu, siwaambii muache mila. Nimetahiriwa na ninajivunia. Lakini mtoto akianza kusikia sauti, mtazameni. Anakula? Analala? Anawatambua watu wake? Mwiteni mzee, na daktari naye mumwone siku hiyo hiyo. Msingoje kisu kimponye! Na mama akisema mwanangu anaumwa, nawasihi, msimzibe mdomo.

Natumia dawa, sauti zimepungua sana. Juzi mama alikuja kunitembelea. Alinishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga ili anione vizuri, akasema nimenenepa.