Siku ya Salha Huanza Saa Mbili Usiku

Mtaa wa Makole ukiamka, Salha ndiyo kwanza anarudi. Anaingia uani na unga kwenye nyusi, mkononi kashika mkate wa moto aliouviringisha kwenye kitambaa. Wanaokwenda kazini wanamsalimia, naye anawajibu huku anapiga miayo.

Salha alifanya kazi katika kiwanda cha mikate, zamu ya usiku. Aliingia saa mbili usiku, akatoka saa mbili asubuhi. Katikati alipumzika saa moja ya kula. Akifanya kazi usiku huu, usiku unaofuata alilala nyumbani. Kazi ile aliipenda, na tusifichane, aliijua. Donge la unga likigoma kuumuka, mtu wa kwanza kuitwa ni yeye.

Nyumbani aliishi na mumewe Nurdini, fundi cherehani, na mama mkwe wake, Bi Kudra. Bi Kudra hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa na macho yasiyopitwa na kitu, na ulimi usiokawia. Siku hizo kilichomkaa kooni ni habari ya Naima.

Naima alikuwa jirani yao wa nyumba ya pili. Alifanya kazi kiwanda kilekile, kwa mshahara uleule, lakini zamu ya mchana. Aliingia saa moja asubuhi, akatoka saa moja jioni, naye akapumzika saa moja ya kula. Kila mwisho wa mwezi Naima alipata mshahara, na juu yake malipo ya saa za ziada. Salha alipata mshahara na posho ndogo ya usiku. Ziada hakuna.

Asubuhi moja Bi Kudra alikuwa anapepeta mchele wa Bahi. Salha hajavua hata viatu, akaitwa.

"Salha mwanangu, keti. Nina swali, usinikasirikie."

"Uliza tu, mama."

"Naima analala kwake, na ziada analeta. Wewe unalala nje, na huleti. Hizo saa unazosema uko kazini, unakuwa wapi?"

Salha akamtazama mumewe aliyesimama mlangoni. Nurdini alikuwa anaizungusha futi yake ya kupimia nguo kidoleni, hasemi neno. Ukimya ule ulimuuma Salha kuliko swali lenyewe.

"Niko kwenye unga, mama. Usiku kucha niko kwenye unga."

"Basi huo unga hauna maana. Na watu wanasema. Mwezi ukiisha, uiache hiyo kazi, ukae nyumbani."

"Mama kasema mwezi ukiisha," Nurdini aliongeza kwa sauti ya chini. "Tungoje tuone."

Tuone nini? Salha alijilaza, usingizi ukamkataa. Kuacha kazi ni jambo moja. Kuiacha huku unadhaniwa mhuni, hilo ni lingine kabisa. Akaamka, akajifunga khanga, akaenda uani.

Nyuma ya nyumba hiyo alipanga mama mmoja mtu wa Mbeya, nesi mstaafu. Jina lake Bupe, na mtaa mzima ulimwita Sista Bupe. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi hospitalini Mvumi, na kwa muda mrefu ndiye aliyepanga zamu za wenzake. Siku hiyo alikuwa anaanika nguo.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

Salha akamweleza yote, bila kuficha hata lile la kuulizwa anakuwa wapi. Sista Bupe alimsikiliza mpaka mwisho, shuka bado limo mikononi.

"Wewe na Naima mnafanya saa sawasawa," alisema. "Yeye analipwa ziada, wewe hulipwi. Sasa niambie, pale kazini mnaandikishaje muda?"

"Kwa mashine. Nikiingia nabonyeza kidole. Ikifika saa sita usiku mashine inalia, tunaacha unga, tunakwenda kubonyeza kutoka, kisha tunabonyeza tena kuingia. Asubuhi tunabonyeza kutoka."

"Saa sita usiku mnatoka?"

"Hatutoki, Sista. Tunabonyeza tu. Tunaambiwa siku imekwisha, imeanza nyingine."

"Mh," alisema Sista Bupe, akatabasamu. "Mwizi wa ziada yako nimeshamwona. Nipe hivyo vibanio."

Akabana vibanio kumi na viwili vya nguo kwenye kamba, kimoja kimoja.

"Kila kibanio ni saa moja. Hii ni zamu yako, tangu saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi. Mashine yenu inafanya hivi." Akatundika kitambaa baada ya kibanio cha nne. "Upande huu saa nne. Upande huu saa nane, toa moja ya kula, zimebaki saba. Sheria inasema saa za kawaida zisizidi tisa kwa siku. Nne hazijafika tisa. Saba hazijafika tisa. Basi mhasibu anaandika ziada sifuri, na wala hajui kwamba anakosea."

"Kumbe," Salha alisema polepole.

"Sasa ondoa kitambaa. Siku ya mfanyakazi haianzi saa sita usiku. Inaanza pale anapoanza kazi kwa kawaida, na inakwenda saa ishirini na nne. Wewe siku yako inaanza saa mbili usiku. Saa sita ukiwa kwenye unga, bado uko kwenye siku ileile. Hesabu sasa."

Salha akagusa vibanio. "Kumi na viwili. Cha chakula natoa, kumi na kimoja. Tisa ni saa za kawaida. Vimebaki viwili."

"Hizo mbili ndizo ziada yako, kila zamu. Saa ya ziada hulipwa isiyopungua mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Saa yako ya kawaida ni shilingi ngapi?"

"Elfu moja."

"Ya ziada basi ni elfu moja mia tano. Mbili ni elfu tatu. Kwa zamu kumi na tano za mwezi ni arobaini na tano elfu. Na posho ya usiku ibaki palepale. Ile ni haki ya saa za kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, nyongeza ya asilimia tano ya mshahara wa kila saa. Haifuti ziada. Ila niambie, mlisaini makubaliano ya kufanya siku ndefu bila ziada? Sheria inayaruhusu, na yakiwepo kwa maandishi hesabu inabadilika."

"Hatukusaini. Mkataba unasema saa tisa kwa siku."

Nyuma yao sauti ikasema, "Ala." Alikuwa Bi Kudra, kasimama na ungo wake. Alikuja kusikiliza, na hakuona haya kusikiliza.

"Kwani usiku unakatwa katikati?" aliuliza. "Sisi tukisema usiku wa kuamkia Ijumaa, unaanza jua likizama, unakwenda mpaka alfajiri. Ni usiku mmoja. Nani kasema saa sita unageuka wa mtu mwingine?"

"Mashine, mama," Salha alijibu.

Bi Kudra akavitazama vile vibanio viwili vya mwisho kwa muda mrefu. Akarudi kwenye mchele wake.

"Nenda kwa upole," Sista Bupe alimwambia Salha. "Nenda na wenzako. Wakikataa, mnakwenda kwa chama cha wafanyakazi, au kwa afisa kazi. Lakini msikae kimya, maana madai yana muda wake."

Kesho yake mchana Salha na wenzake sita wa usiku walisimama mbele ya mhasibu wa kiwanda, Bwana Optatus. Salha alisema yote, hatua kwa hatua.

"Mfumo ndivyo ulivyo, dada Salha," Bwana Optatus alisema. "Tarehe ikibadilika, siku imebadilika."

"Bwana Optatus, unga ninaoukanda kabla ya saa sita unatoka tanuri baada ya saa sita. Huo ni mkate mmoja au miwili?"

Wenzake wakacheka. Bwana Optatus naye akacheka, kisha akaacha kucheka, akavuta kikokotoo. Akajumlisha, akatoa, akarudia. Akapiga simu kwa afisa kazi, akauliza, akasikiliza, akaitikia mara tatu.

"Siku inaanza mfanyakazi anapoanza kazi," alisema alipokata simu. "Nimewakosea, tena kwa miezi sita, tangu mashine hii ifungwe. Nakwenda kwa bosi sasa hivi."

Bosi alinuna kidogo, asinune nani? Lakini alikubali. Kuanzia usiku ule mashine haikulia tena saa sita, na hakuna aliyeacha unga ukimngoja.

Mwezi ukaisha. Asubuhi hiyo Salha alirudi na mkate wake na karatasi ya mshahara. Bi Kudra alikuwa barazani, na Naima amesimama naye. Karatasi alipewa Nurdini aisome.

"Saa za ziada, thelathini," Nurdini alisoma. "Shilingi arobaini na tano elfu. Malimbikizo ya miezi sita, laki mbili na sabini elfu."

"Soma tena," Bi Kudra alisema. "Pandisha sauti, nyumba ya pili wasikie."

Nurdini akasoma tena, kwa sauti ya mtu anayenadi vitambaa. Kisha akaikunja karatasi, akamtazama mkewe.

"Nilinyamaza siku ile, mke wangu. Nilitakiwa kusema. Nisamehe."

"Na mimi," Bi Kudra alisema. "Nilikuuliza ulikuwa wapi. Kumbe ulikuwa kazini kuliko sisi wote. Nisamehe, mwanangu."

Salha alilia. Hakujificha kulia, na wala hakujificha kucheka. Alimkatia kila mtu kipande cha mkate, na kikubwa akampelekea Sista Bupe.

Kesho yake jioni, jua lilipokwisha kuzama, Bi Kudra alitoka na chupa ya chai aliyoipika mwenyewe. Jirani mmoja akapita, akauliza huyu mkamwana anakwenda wapi na giza linaingia.

"Kazini," Bi Kudra alimjibu, kidevu juu. Akampa Salha chupa, akamfungulia geti. "Haya, nenda mwanangu. Siku yako inaanza."